Kitumbua cha Nyongeza

Mimi si mtu wa subira. Wanaonifahamu hucheka wakisikia kwamba kazi yangu ni kufundisha hesabu watoto wanaochelewa kuelewa. Mama yangu, ambaye bado yuko Tabora mjini, alipopata habari hizo aliguna tu, kisha akauliza kama watoto wenyewe wameshaambiwa. Subira kidogo niliyonayo leo nimeipatia kazini, na sehemu kubwa nimeipata kwa mtoto mmoja wa Bukene, msichana mwembamba aliyekuja shuleni kila siku na harufu ya mafuta ya kukaangia kwenye sweta lake.

Nilipohamishiwa Bukene, mwalimu mkuu aliona kwenye karatasi zangu kwamba nimewahi kuhudhuria kozi fupi kuhusu watoto wenye ugumu wa kujifunza. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Alinikabidhi chumba kilichokuwa stoo ya majembe, chenye dirisha moja linalotazama reli, akaniletea watoto wachache kutoka darasa la pili ambao walimu wenzangu walikuwa wamekwama nao. "Hawa ni wako, mwalimu," akasema. "Fanya unavyoona inafaa." Nilimshukuru, na moyoni nikamlaani.

Yule msichana alikuwa mmoja wao. Aliishi na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akikaanga vitumbua vya mchele wa huko huko Bukene na kuviuza stesheni treni ya Mwanza inaposimama. Mama yake alikuwa Mwanza akitafuta riziki. Mtoto alishakariri darasa la kwanza, na sasa alikuwa anakariri la pili. Bibi alikuja kuniona wiki yangu ya kwanza, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa maana viti havikuwepo, akanieleza jambo lililokuwa likimkosesha raha.

"Mwangaluka, mwalimu," alianza kwa salamu ya kwao, kisha akaingia moja kwa moja kwenye Kiswahili. "Mjomba wake yuko Choma. Mkewe amejifungua mapacha. Anasema huyu akishindwa tena upimaji wa mwaka huu, shule haimtaki, basi atamchukua akamlelee watoto. Huyo mjomba nimemzaa mimi, lakini ni mwanamume mwenye mji wake, nitamzuiaje? Nikuulize wewe. Anaweza, hawezi?"

"Anaweza, bibi," nikasema. Sikuwa na uhakika wowote. Nilimjua mtoto kwa siku tatu tu, na katika siku hizo alikuwa ameniambia "shikamoo" na "ndiyo" basi.

Kazi tukaianza. Ubao niliuacha kabisa, maana watoto wale walikuwa wameshaumwa na ubao, wakiuona tu wanainama. Kwanza nilileta karanga za kuhesabia, nikidhani nimebuni jambo kubwa. Zililiwa kabla hatujafika nne. Hesabu ya kutoa ilieleweka siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, ila sikuwa na mshahara wa kuiendeleza. Nikahamia kwenye vizibo vya soda, nilivyoviokota dukani na kuviosha kwa sabuni. Nilikata tarakimu kwenye maboksi, nikazipaka gundi na kuzinyunyizia mchanga ili wazipapase kwa kidole huku wakizitaja. Chini ya sita na tisa nilichora mstari, ili mtoto ajue namba imesimama kwa miguu au kwa kichwa. Wenzao walipopewa maswali kumi, wangu niliwapa mawili, na sehemu ya ukurasa iliyobaki niliifunika kwa karatasi wasitishwe na wingi wake.

Msichana wangu tarakimu zilimpotea. Jumatatu aliijua saba vizuri, akaicheka kwamba inafanana na jembe. Jumatano aliitazama kana kwamba hawajawahi kukutana. Hilo nililitegemea, tulifundishwa kwenye kozi, na dawa yake ni kurudia bila kuchoka. Kilichonishinda kilikuwa kingine kabisa. Hakujua kusimama.

Nikimwambia, "Nipe vizibo vitano," anahesabu kwa sauti yake ndogo, moja, mbili, tatu, nne, tano, kidole kikigusa kila kimoja. Safi. Halafu anasita, anatazama lile rundo, anachukua kingine na kukiongeza. Nikiomba vitatu napata vinne. Nikiomba vinane napata tisa. Nilikumbuka tulivyoambiwa, kwamba wapo watoto wanaoimba namba kama wimbo bila kujua kuwa ile ya mwisho ndiyo jibu. Nikaamua huyu ni mmoja wao. Nikamchorea viduara vitano kwenye karatasi, kila kizibo na kiduara chake, vikijaa basi kazi imekwisha. Akavijaza vyote vitano. Kisha akaweka kizibo kimoja nje ya viduara, pembeni, taratibu kabisa.

Siku hiyo nilikichukua kile kizibo kwa hasira nikakitupa kwenye kopo. Hakuogopa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaingiza mkono kwenye kopo na kukirudisha palepale. Nilitoka nje nikasimama karibu na reli mpaka nilipotulia. Nilikuwa nimempenda mtoto yule, na nilikuwa naona kabisa namna atakavyopanda pikipiki ya kwenda Choma na kifurushi chake.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilikata tiketi ya kwenda nyumbani Tabora. Nilikuwa sijawahi kusafiri kwa treni kutokea Bukene, maana siku zote nilipanda basi, na wakati treni inapita mimi huwa darasani. Treni ilichelewa kama ilivyozoea. Nilipopata kiti dirishani, nikamwona bibi yuko chini, beseni kichwani, na mjukuu wake pembeni ameshika gazeti lililokatwa vipande. Kina mama walikuwa wakigombania madirisha, abiria wakipiga kelele, na yule mtoto aliyekuwa hasemi kitu darasani alikuwa akiita, "Vitumbua! Vya moto! Vitumbua!" Nilipigwa na butwaa.

"Niletee vitano," nikamwambia.

"Shikamoo mwalimu!" Uso wake ukachanua. Akatandaza gazeti juu ya kiganja, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akasita. Akatazama lile rundo. Kisha mkono ukaingia kwenye kona ya beseni, kwenye kijibakuli cha peke yake, ukatoka na kitumbua kidogo mno, saizi ya kifungo cha koti. Akakiweka juu, akafunga gazeti, akaninyooshea.

Mkono ulikuwa uleule, na kusita kulikuwa kulekule.

"Mbona umezidisha?"

"Hiyo nyongeza, mwalimu." Alinijibu kwa upole, kama anayemweleza mtu aliyetoka mbali.

"Mtu hafungiwi bila nyongeza," bibi akadakia kutoka nyuma yake. "Unga unaobaki nakaangia vidogo. Mteja ukimpa alichoomba tu, umemfukuza."

Treni ikashtuka, ikaanza kuondoka. Nilibaki na gazeti mapajani, mafuta yakilowesha sketi yangu nzuri, nikicheka peke yangu na machozi yakinitoka. Baba mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna, nikampa kitumbua. Kile kidogo nilikila mwenyewe.

Nusu mwaka mzima mimi mwalimu wake nilikuwa nikimwambia "nipe", naye alikuwa akinipa kama alivyolelewa kuwapa watu. Alijua kusimama. Alisimama vizuri kabisa kwenye tano, akavuta pumzi, halafu akanifanyia wema.

Tulipofungua Julai, jambo la kwanza nililofanya ni kumtafutia kifuniko cha kopo la rangi. "Hiki ni kijibakuli cha nyongeza," nikamwambia. "Vile nilivyoomba weka hapa kwenye karatasi. Nyongeza yangu weka humu. Tusivichanganye." Akakitazama kifuniko, akanitazama mimi, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka akiwa ndani ya chumba kile. Nikaomba vinne. Akaweka vinne kwenye karatasi, kimoja kwenye kifuniko. Nikaomba saba. Saba, na kimoja.

"Ukichanganya na nyongeza, mteja amebeba vingapi?"

Alifikiri, midomo ikicheza. "Vinane."

Hapo tukaingia kwenye kujumlisha kwa mlango wa uani. Baadaye bibi wa kwenye hesabu zetu akawa mkarimu zaidi, akatoa nyongeza mbili, kisha tatu kwa wateja wa kudumu. Kutoa nako tukakupatia mteja mwenye tamaa, anayekula njiani kabla hajafika nyumbani, na watoto wengine wote wa stoo wakawa wanagombania kuwa mteja huyo.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Tarakimu ziliendelea kumpotea. Kuna asubuhi alizokuja na hajui hata mbili, tukakaa na ule mchanga wa boksi, kidole changu juu ya kidole chake, mpaka kengele inagongwa. Hakuwa mtoto hodari aliyefichwa tu na kosa langu. Ugumu wake ulikuwa wa kweli, na upo mpaka leo. Ila sasa alikuwa na mahali pa kushikilia, na mimi vilevile.

Upimaji ulifanywa na mwalimu kutoka shule nyingine, mwanamume mtaratibu mwenye miwani, anayemwita mtoto mmoja mmoja. Mimi niliruhusiwa kukaa mlangoni kwa sharti kwamba nifunge mdomo, jambo ambalo kwangu ni adhabu. Alianza na karatasi. Msichana wangu akapata baadhi, akakosa baadhi. Tisa akaisoma sita, kwa kuwa huko hakukuwa na mstari wangu chini yake. Niliona kalamu ya yule mwalimu ikienda na kurudi, nikawaona wale mapacha wa Choma wakiwa mgongoni kwa msichana wangu.

Ndipo yule mwalimu akasukuma bakuli la maharage. "Nipe manane," akasema.

Kifuniko cha kopo hakikuwepo pale mezani. Nilikuwa sikukiwaza kabisa, na sasa nilikiwaza kwa nguvu zangu zote.

Akahesabu. Moja hadi nane, kidole kikigusa kila harage. Akasita. Mkono wake ukarudi kwenye bakuli, ukachukua jingine. Nilishika fremu ya mlango. Akabaki amelishika juu juu, akizungusha macho mezani akitafuta mahali. Kisha akavuta kifuniko cha kalamu ya yule mwalimu, akakilaza mezani kama mpaka, na harage lake akaliweka upande wa pili.

"Haya ndiyo manane uliyoomba," akasema. "Hili ni nyongeza yako."

Yule mwalimu akavua miwani, akatazama harage, akanitazama mimi. Sikusema neno, Mungu shahidi wangu. Alivaa tena miwani akaandika, na alipoinuka kuondoka nikaona lile harage moja amelitia mfuko wa shati.

Akavuka kwenda darasa la tatu, kwa maelezo kwamba aendelee kusaidiwa. Hayo maelezo niliyaandika mimi, na msaada wenyewe ni mimi pia, kwa hiyo sikuona tatizo.

Mjomba alikuja shule zilipofungwa, kama alivyoahidi. Nilijitengenezea sababu ya kupita kwa bibi siku hiyo. Nilikwenda na maneno yangu yamejaa kinywani, lakini nikamkuta ni kijana tu mwenye macho yaliyokosa usingizi, anayesikiliza kwa adabu. Bibi alimwambia mtoto amefaulu, haendi popote. Akaniomba nithibitishe, nikathibitisha kwa urefu. Mjomba akakubali, akakuna kichwa, akasema basi atamtafuta binti wa jirani.

"Mfungie mjomba wako vitumbua kumi vya njiani," bibi akasema.

Msichana akatandaza gazeti. Akahesabu kwa sauti, kwa raha zake, hadi kumi. Akasita kama kawaida. Mkono ukaingia kwenye kijibakuli, ukatoka na kile kidogo, na sote watatu tukangoja kitue mahali pake. Mjomba alishanyoosha mikono.

Akafunga gazeti bila kukiweka. "Vimetimia, mjomba," akasema kwa heshima zote, akampa kifurushi kwa mikono miwili.

Kisha akanigeukia mimi ambaye sikuwa nimeomba kitu, akafungua kiganja changu, akakiweka humo.