Mwanamke Aliyekataa Sahani

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu wa Majengo, Pumwani, yule mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na msikiti. Moyo ndio uliomchukua, akiwa amelala kitandani mwake, na umri ulikuwa umekwenda. Nasema hivi mapema kwa sababu tukiwa bado makaburini nilisikia watu wakinong'ona kwamba ni zile njugu zake zimempata hatimaye, na kwamba kiburi ndicho kilichomponza. Nilikasirika, na hasira haijaniisha. Leo wasomaji wangu mtanivumilia, maana sitaki asingiziwe wakati hawezi tena kujibu, yeye ambaye alipokuwa hai hakumwacha mtu bila jibu.

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa Ramadhani, miaka mingi iliyopita. Kwetu magharibi ikikaribia, sahani zilizofunikwa hupita mlango hadi mlango, na kila nyumba huonja futari ya mwenzake. Jirani yake mama huyo, wa mlango wa pili, mpishi wa harusi anayesifika mtaa mzima, alimpelekea kuku wa mchuzi mzito. Mama alikula kwa raha, lakini kabla hajamaliza midomo ilivimba, mapele yakamtoka mwilini na koo likabana hata akashindwa kusema. Tulimkimbiza hospitali, akadungwa sindano, akapona. Kufikia asubuhi mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: mpishi amemtilia kitu. Wengine walitaja jini, wengine kijicho, na waliokuwa wamemwagiza mpishi yule harusi zao wakaanza kutafuta visingizio. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mchuzi ulikuwa na nini, kwa sababu kwetu mpishi haulizwi siri ya chungu chake. Ukimuuliza, atadhani unataka kumwibia kazi, au mbaya zaidi, kwamba unamshuku.

Mama ndiye aliyeuliza. Hospitalini alikuwa ameambiwa arudi, na daktari akamhoji kwa muda mrefu kuhusu vyakula alivyowahi kula, hadi akakumbuka kwamba tangu utotoni kashata za njugu zilimwasha midomo. Ndipo akatolewa damu ikapimwe. Majibu yalipokuja yalitaja njugu. Daktari alimweleza kwamba kipimo cha damu peke yake hakitoshi, kwani wapo watu ambao damu yao husema hivyo na bado wanakula njugu bila shida. Kwake yeye damu na yaliyompata vilikuwa vimekubaliana, kwa hivyo asiziguse tena. Alitoka huko moja kwa moja hadi kwa mpishi kumuuliza kama alitia njugu. Mpishi alisitasita, kisha akakiri kwamba husaga kiasi na kukoroga kwenye mchuzi ili uwe mzito, siri aliyoachiwa na mama yake.

Kesho yake asubuhi, wateja wakiwa wamezunguka jiko lake, mama alinyanyuka. "Huyu mpishi hakunitilia kitu," alisema. "Alinipa njugu, zile zile anazowapa nyinyi harusini mkalamba vidole. Ni damu yangu haizitaki. Atakayemwita mchawi tena, mahamri akanunue kwingine." Watu walicheka, lakini walisikia, na harusi zikamrudia mpishi moja baada ya nyingine.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Ramadhani iliyofuata sahani ya mpishi ilikuja kama kawaida, na mama akairudisha ikiwa imejaa. Akarudisha na za majirani wengine, wote ambao hawakumwambia walichopika. Mtaa ukachafuka kuliko mwanzo, kwani kwetu kurudisha chakula cha mtu ni kumtukana yeye na ukoo wake. Mpishi alikuja mlangoni na sahani yake, macho mekundu. Mimi nilikuwa nimeketi nje, niliwasikia.

"Umenisafisha jina mbele za watu, sasa unanirudishia sahani mbele ya hao hao? Wataniona aje?"

"Niambie umetia nini," mama akajibu, "na kama hakuna njugu nitaimaliza yote. Usiponiambia sitakula. Mimi sitakufa ili nionekane nina adabu, dada yangu."

Mpishi aliifunua sahani. Kisha, pale pale mlangoni, akataja kila kilichoingia chunguni: vitunguu, nyanya, tui la nazi, bizari, ndimu. Mama akaipokea sahani.

Hiki ndicho mnachokiita kiburi? Mwanamke huyo huyo aliwahi kuitwa kwenye hema moja kando ya Jogoo Road, la wale wanaokuchoma kidole na kukwambia papo hapo vyakula vinavyokudhuru. Wakamwambia aache ugali, maharagwe, maziwa na mayai, bila kumuuliza hata swali moja. Aliwajibu kwamba hata kule kortini Makadara mtu huulizwa kwanza kabla ya kuhukumiwa, akaenda nyumbani akapika chai ya maziwa. Nampenda kwa hilo. Alijua kukataa chakula na alijua kukataa upuuzi pia. Sisi wengine tunaona afadhali mgeni avimbe koo kuliko mwenyeji aone haya, na tunadiriki kuuita huo ukarimu.

Siku ya kumsomea hitma mpishi yule yule ndiye aliyesimamia masufuria. Kabla ya kupakua alisimama na mwiko mkononi, akatuambia kila sufuria ina nini, sauti ikimkatika. Bwana mmoja mwenye duka, ambaye nimemjua miaka mingi bila kusikia neno hilo likimtoka, akasema kwa sauti kwamba yeye mayai humdhuru. Akapewa sahani nyingine, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Nilijifuta machozi, wala sikujificha.

Kwa hivyo nawaambia mlionong'ona makaburini: mgeni akikataa chakula chenu, muulizeni kinachomdhuru kabla ya kumhukumu. Na kama bado mnataka kuyaita hayo kiburi, yaiteni. Kiburi hicho ndicho kilichomfikisha uzeeni.