Matanga ya Ndagoni

Mume wangu alikuwa askari polisi, na serikali ya Mwingereza ilipomhamishia Mafia nilimfuata. Wakristo pale Kilindoni tulikuwa wa kuhesabika, wote watu wa Bara, na wanawake tulikuwa wawili tu: mimi na mke wa karani wa boma. Jumapili tulisali barazani kwao, mumewe akisoma somo. Padri alivuka kuja kwetu mara moja moja.

Mke wa karani ndiye aliyenipeleka kijiji cha Ndagoni. Alisikia habari za bibi kizee wa huko, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na minazi mingi zamani. Donda ndugu lilikuwa limemla mguu, na jamaa zake hawakuweza tena kukaa naye chumbani kwa harufu.

"Mwenzangu," aliniambia, "tutasemaje tunampenda Bwana, na mtu anaoza karibu yetu?"

Maneno yale yaliniingia. Jumamosi ile tukaondoka alfajiri kwa miguu, tumebeba chumvi na vitambaa vya shuka kuukuu. Bibi alitusikiliza huku uso kaugeuzia ukutani.

"Mmekuja kunibadilisha dini?"

"Tumekuja kukuosha mguu, bibi."

"Haya, osheni."

Tukaenda kila Jumamosi. Mwenzangu alichemsha maji, mimi nikaosha, maana yeye kichefuchefu kilimsumbua. Mwezi wa tatu bibi akawa anatuwekea madafu, na tukichelewa hununa kama mtoto.

Alipofariki, mpwa wake alituletea habari. Tulikwenda matangani, wanawake wakatusogezea nafasi mkekani. Dua iliposomwa wote waliinua viganja. Niliinua vyangu, nikaitikia "Amina", kwa sababu nilimlilia yule bibi na sikuwa na namna nyingine ya kumuaga. Mwenzangu alikaa kuume kwangu. Nilimsikia akiitikia. Tukala wali sinia moja.

Padri alipokuja, aliniita barazani kabla ya ibada.

"Nimeambiwa unasali Kiislamu."

"Nani kasema, padri?"

Alitazama mlangoni. Mke wa karani alikuwa amesimama pale, kashika kikombe cha chai cha mgeni.

"Mwenzako kaniambia kwa uchungu. Anasema wewe uliingia kuomba dua, yeye akakungoja nje."

Nikamtazama, nikingoja acheke, aseme padri kamwelewa vibaya. Aliweka kikombe mezani taratibu.

"Nilimwonya, padri," akasema.

Nilitaka kujibu, akainua mkono. Padri akanizuia kwenye Meza ya Bwana mpaka atakaporudi. Asubuhi ile nilikaa nyuma kabisa, nikamwona mwenzangu akipiga magoti na kupokea. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Siku ya pili nilimkuta kisimani.

"Kwa nini?"

"Padri alishasikia kwa watu kwamba tulikwenda matangani," alisema bila kuniangalia. "Na mume wangu anatazamiwa kuwa katekista. Tukitengwa wote wawili, atabaki nani?"

"Ungebaki na mimi."

Akavuta kamba, akajaza ndoo yake, akaenda.

Habari zilifika Ndagoni. Yule mpwa wa bibi alikuja kwangu, akakaa kizingitini, akaniuliza, "Kwani kwenu kumwombea maiti ni dhambi?" Kisha akaniomba niende kumtazama mkwe wake aliyeungua kwa maji ya moto. Nikaenda, safari hii peke yangu, na njia niliiona ndefu. Nilimwosha yule mama huku moyoni nina hasira, na nikamwomba Mungu hasira hiyo isifike mikononi.

Mwaka uliofuata alikuja padri mwingine. Hakuulizia habari zangu. Nadhani hakuwa na habari yoyote. Alinipa mkate kama wengine. Nilirudi kukaa nikalia, na mume wangu akadhani ni furaha. Nilikuwa nimengoja mtu aseme mbele ya wote kwamba nilisingiziwa, na sasa nilijua hakuna atakayesema.

Baadaye karani alihamishiwa Lindi. Mkewe alikuja kuniaga, kuku kwapani.

"Mwenzangu, unisamehe."

Nilimpokea kuku. "Mfike salama," nikamwambia.

Alisimama kidogo, akingoja. Kisha akajifunga kanga vizuri, akashuka kwenda pwani. Nilipata habari za kifo chake miaka mingi baadaye, na hapo ndipo nilipomsamehe, nikiwa sina tena wa kumwambia.