Vikombe Vitatu Chini ya Mke wa Lutu

Miaka thelathini Wadha, ambaye bonde zima la Safi humwita Mama Sattam, ameuza chai chini ya jiwe la chumvi lililosimama juu ya Bahari ya Chumvi. Watalii huja kumpiga picha mke wa Lutu, aliyegeuka kuitazama Sodoma ikiungua. Wahubiri huja kumlaani. Mama Sattam humsalimia kila asubuhi, kisha humpa umbea wa kijijini.

"Kosa lake nini?" huwauliza wahubiri. "Mji unateketea, asigeuke? Mimi hugeuka hata kuangalia kama nimezima jiko."

Jumatatu moja ya Julai akaja Ustadhi Nizar wa ofisi ya utalii, katoka Amman, na dereva wake Fawwaz, mkwe wa watu wa Safi, kabeba sururu. Fawwaz alikwisha kumnong'oneza mama: wataalamu wameamua mke wa Lutu ni jiwe jingine, kusini, penye maegesho mazuri. Kibao chenye jina lake, kilichochimbiwa hapa, kinang'olewa leo. Kibao kikienda, mabasi ya watalii yatakifuata.

Mama Sattam akammiminia mgeni kahawa.

Bondeni, mwenye ombi hukiweka kikombe chini, hakigusi mpaka mwenyeji amwambie: kunywa, limekubaliwa. Ndivyo wachumba wanavyopatikana na damu inavyosamehewa. Nizar alikuwa na shahada mbili na kiu. Akanywa. Akaongezewa, akanywa. Cha tatu akalamba ukingo.

"Sasa mama, nina ombi dogo..."

"Umechelewa, mwanangu. Umeshalimeza."

Nizar akacheka. Fawwaz akaitua sururu.

"Fawwaz, chimba!"

"Mimi? Ustadhi, mama mkwe akisikia nimechimba baada ya vikombe vitatu, nitalala na mbuzi."

"Hii ni amri ya serikali!"

"Basi serikali ingekunywa maji kwao kabla ya kuja," akasema Mama Sattam.

Nizar akaikamata sururu mwenyewe. Akapiga mara mbili. Ardhi haikubanduka hata kipande, suruali ikachanika nyuma. Akaketi haraka.

"Nikaseme nini ofisini?"

"Sema ulikuwa na kiu. Na hilo jiwe la kusini mpeni mke wa waziri. Nasikia lina kiuno."

Nizar akatazama huku na huku kama kuna anayesikia, kisha akacheka mpaka machozi. Kibao kikabaki. Mama Sattam akaenda kutafuta sindano.