Mawe Meupe ya Mkuu wa Mkoa

"Mwenzangu, hivi huyo mzee wako huwa anacheka, au mpaka apewe amri?" jirani alimuuliza mke wa mkuu wa mkoa siku moja wakianika nguo.

Mke huyo alicheka hadi kibanio kikamponyoka. Akajibu kuwa anacheka, tena sana, ila hufunga mlango kwanza.

Alimjua mumewe tangu akiwa kuruti jeshini, shingo nyembamba, kofia inamwangukia machoni. Alipanda cheo kwa cheo, miaka ishirini na tisa, hadi ukanali. Walihama nyumba kumi na moja, na kila walikofikia, vyombo havijafunguliwa, yeye alishapanga mawe mlangoni na kuyapaka chokaa. Alisema ndivyo mahali panavyojulikana kuwa pana mwenyewe. Alipovua magwanda na kuteuliwa kuongoza mkoa, mawe yakaja naye. Alikagua ofisi na zahanati akiwa wima, kiti hataki, na jicho la kwanza lilikwenda kwenye mawe. Haukupita muda, mkoa mzima ukawa unang'aa kando ya njia.

Ijumaa moja alirudi na barua mkobani. Mkunga wa zahanati ya bondeni asimamishwe kazi, kwa kuwa alipewa ndoo nne za chokaa na mawe yake bado meusi tii. Barua ingetoka Jumatatu.

Kesho yake mkewe alikwenda bondeni kumwona binti wa rafiki yake wa maombi, aliyekuwa amejifungua. Akakuta chumba cha uzazi cheupe pee hadi juu, pale ambapo zamani ukungu ulitambaa ukutani. Mkunga akamweleza kwa haya kwamba chokaa haikutosha kote kuwili. Mbona hakujitetea? Akasema mkubwa alikuwa amesimama, akadhani hana nafasi ya kusikiliza.

Jioni alimmiminia mumewe chai, akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe ulimi laini.

"Baba, chokaa yako nimeiona. Iko ukutani, watoto wanazaliwa humo. Mkunga hakukwambia kwa kuwa ulikuwa umesimama."

Mzee aliisogeza chai kando. Kisha akafungua mkoba, akaichana ile barua vipande vinne, akavipanga sawasawa mezani. Hata kuchana, mwanajeshi.

Jumatatu walikwenda bondeni wote wawili. Mawe hakuyatupia jicho. Mkunga alisimama kama kuruti, naye mzee akavua kofia.

"Dada, naomba kiti," alisema. "Leo nataka nikae, unieleze."