Kisanduku cha Jina la Ukoo

Tovuti ya kutafutia watu waliopotezana niliijenga kwa siku mbili, na haraka hiyo ilinitia kiburi. Mbarara nilikuwa nimejifunza kutumia kiunzi cha kampuni ya seva za kukodi: unakieleza unataka kuhifadhi nini, nacho kinakutengenezea fomu, orodha na mahali pa kutafutia, kisha kwa amri moja tovuti iko hewani. Kiunzi kile kiliwatambua ndugu kwa jina la ukoo. Majina yakitofautiana, hakikuleta jibu, ila ujumbe mfupi niliouandika mwenyewe. Sharti hilo la majina nililiacha kama nilivyolikuta.

Nami ni mtu wa Kivu Kusini! Kaka yangu wa tumbo moja ana jina lake, mimi nina langu. Kwetu kila mtoto hupewa la kwake. Nilikua na jambo hilo, na siku ya kujenga sikulikumbuka hata kidogo. Hasira hiyo haijaniisha.

Mama mmoja muuza unga wa muhogo pale Kashojwa, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, alikuwa akinijia kila Jumapili baada ya ibada. Alimtafuta mdogo wake, aliyeachana naye njiani wakati wa kukimbia. Kila mara niliandika yale aliyoyajaza kwenye fomu, na kila mara hapakutokea mtu.

"Angalia tena, mwanangu."

Jumapili moja nilichoka kumjibu vilevile. Nikafungua orodha nzima, nikaisoma mstari kwa mstari. Mdogo wake alikuwamo. Alijiandikisha wiki moja tu baada yake, akataja kijiji chao na dada anayemtafuta, na akaacha namba ya simu. Nikapiga palepale, mama amekaa mbele yangu.

Alipokea mjane. Walikuwa wakiishi Mbarara, upande wa Makenke. Mumewe, alisema, alifungua tovuti ile kila alipopata bando. Walimzika mwezi uliopita.

Nilimweleza mama yote. Hakulia. Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akauliza:

"Naye alikuwa ananitafuta?"

"Ndiyo, mama. Mara mingi."

"Na ile mashine ilikuwa inamwambia nini?"

Nilitamani sana kudanganya.

"Ilikuwa inamwambia hakuna mutu anamutafuta. Ile maneno ni miye niliyaandika, mama."