Ngano ya Mugamba na Sahani za Idi

Mwaka ule mtaa wetu wote wa Buyenzi ulikunywa chai kwa muhogo. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, rangi haijapauka, na unga mweupe wa dukani ukakatika. Wengine walisema meli haziji tena bandarini, wengine walisema wenye maduka wameuficha. Mimi niliamini hao wa pili, na bado naamini. Muhogo wa kuchemsha, muhogo wa kukaanga, Ramadhani ikaingia tukafuturu muhogo.

Nilikuwa bibi arusi wa nyumba ile. Mikate ya Idi alikuwa anaoka mama mkwe wangu, na sahani zake zilizunguka mtaa kwa majirani, zimefunikwa vitambaa. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akasema mbele ya watu:

"Idi hii ataoka bibi arusi. Akishindwa, sahani zitatoka kwa binti yangu."

Binti yake ndiye wifi yangu, aliyeolewa jirani tu, na tangu niingie pale alinichunguza kama mtu anayenunua mbuzi. Ukinyang'anywa sahani za Idi, we si mwanamke wa nyumba tena, we ni mpangaji.

Mume wangu alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo. Akatuletea gunia la ngano kutoka Mugamba, kule milimani kwenye baridi. Punje nzima. Mimi sikuwahi kuoka kitu ambacho hakikutoka kwenye mfuko wa dukani. Nikapepeta, nikachagua mawe, nikabeba beseni kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga, nyuma ya soko.

Msagaji alikuwa mweupe kote kwa unga, mpaka kope. Watu wa namna hiyo siwaamini, huoni uso wao unasema nini. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza muhogo wa mtu. Akamimina ngano yangu juu kwa juu, unga ukatoka wa kahawia na moto kama uji. Ulifika nyumbani bado una joto, nikaukanda papo hapo, kwa kipimo kilekile cha maji ninachotia kwenye unga wa dukani na hamira ileile. Wifi alikuwa jikoni kwetu, anapita huku na huku. Nikaweka sufuria juu ya makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, nikatoa kitu. Wifi akakigonga kwa kidole.

"Ee wifi, hii si mukate. Hii tuweke mulangoni, upepo usifunge."

Mama mkwe hakucheka. Alitafuna kipande, akakitema kwenye kiganja. Kule kutema kuliniuma kuliko maneno ya binti yake.

Kesho yake nikarudi kwa msagaji na beseni jingine la ngano.

"Umenichanganyia muhogo."

"Mama, mi nasaga. Kuoka ni kwako."

"Fungua ile soksi."

Soksi ni kile kitambaa kirefu kinachoning'inia mdomoni mwa mashine, unga unapita humo.

"Apana, mama. Watu wako kwenye mustari."

"Wangoje."

Nikaifungua mwenyewe, nikaigeuza ndani nje, nikaikung'uta. Ukaanguka unga wa muhogo, konzi nzima. Wanawake kwenye mstari wakaanza kunung'unika, kila mmoja akikumbuka ugali wake wa jana.

"Kumbe unga wetu unabaki humo, ndiyo maana kuku zake zimenenepa," mmoja akasema.

Yule bwana akapangusa uso, na hapo ndipo nikaona ana rangi gani. Akakubali kuosha mashine: konzi ya kwanza ya ngano yangu ipite isukume mabaki, halafu itupwe. Ile iliyobaki niliisimamia, mkono chini ya soksi, mpaka punje ya mwisho.

Nyumbani nikamkuta wifi amekaa jikoni, ati amekuja kusaidia. Mkono wake uko karibu na chumvi. Mimi nikaweka unga kwenye sinia, nikakaa mbele yake kama askari. Unga ukapoa. Nilipochoka kungoja nikaukanda, nikaona unakunywa maji. Nikaongeza, ukanywa tena. Nikaufunika kwa kitenge, lakini kuupeleka kwenye moto naye yupo, sikutaka.

"Wifi, unaoka lini?"

"Ukienda."

"Mi sina haraka."

"Na mi vilevile."

Jua likahama ukuta hadi ukuta. Mwishowe akakumbuka kwamba naye ana mume wa kufuturisha, akaondoka bila kuaga. Nikafunua kitenge. Donge lilikuwa limejaa, laini, linatetemeka kama shavu la mtoto. Hapo nikaelewa kwamba unga uliotoka mashineni leo unataka upoe kwanza, halafu uachwe unywe maji taratibu. Lakini ule muhogo kwenye soksi niliuona kwa macho yangu, mtu asije kuniambia haukuwemo.

Mkate ukatoka na ngozi ya kahawia inayopasuka, unanukia shamba baada ya mvua. Mama mkwe aliunusa kabla ya kuonja. Akala kipande, kisha mkono wake ukapapasa mkekani ukitafuta kingine.

"Sahani zitabaki hapa," akasema.

Mkesha wa Idi wifi akaja na beseni la ngano, ile aliyoomba kutoka gunia la kaka yake. Sauti yake asali tupu.

"Wifi, tuchanganye, tusage pamoja. Sahani ziwe za nyumba mbili."

Nikachungulia beseni. Hakupepeta, hakuchagua mawe. Mkate ukiharibika, watasema mkono ni wangu. Ukiwa mzuri, mtaa mzima utasikia ni wake.

"Sichanganyi unga wangu na wa mtu," nikasema.

Mama mkwe akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Mwanangu, huyu ni wifi yako. Nakuomba mimi."

Mama mkwe akikuomba, unapiga magoti. Nikapiga magoti, nikashika mikono yake miwili, nikamwambia kwa adabu yote niliyofundishwa kwetu:

"Sichanganyi unga wangu na wa mtu."