Baba Ng'ambo ya Mbuga

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikiandika ni kama naongea tu, unavumilia. Nataka kusema habari za baba yangu na masika ya kwanza baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya reli, si mbali na Usoke.

Watu wengi masika hujifungia ndani. Sisi wawili ndipo tulipokuwa tunatoka. Mbuga iliyokuwa mbele ya mji wetu wa zamani hujaa maji ikawa ziwa, na ndege wakaja: yangeyange, korongo, kwarara, bata wa kila namna. Baba alipiga kasia polepole, akinionyesha ndege kwa kidevu, maana kidole huwatisha. Hatukuwinda. Tulitazama tu, tukarudi tumelowa chapachapa, mama akatugombeza wote wawili kama watoto. Jirani alikuwa akinicheka: "Babu yako mpagazi alitembea mpaka pwani, lakini alikuwa na mzigo kichwani. Wewe unatembea kwenye mvua umebeba nini?" Kweli babu alikuwa mpagazi, njia ile ya misafara aliijua kama uwanja wake. Lakini nikianza ya babu sitamaliza.

Kule kijijini baba alinyamaza. Alikaa mlangoni miezi, akitazama nyumba zilizopangwa mstari. Mvua zilipokolea akaniambia, "Nipeleke mbugani nikaone ndege." Nilifurahi mno. Tulitembea tangu alfajiri, tukavuka kwa mtumbwi wake wa gome la mti mpaka ng'ambo, palipokuwa kwetu. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, ila kibanda chake cha kurinia asali kilikuwa kimesimama. Akaingia, akafungua mzigo. Kumbe alikuwa amebeba blanketi na unga.

"Baba, twende, jua linashuka."

"Nenda wewe. Mimi nimefika."

"Kule kijijini wataniuliza."

"Waambie natazama ndege."

Ningefanya nini? Kwetu mtoto hamvuti baba yake mkono, hata mtoto mwenyewe awe na mvi. Nikavuka peke yangu kwenda kumwita baba mkubwa, kaka yake, ndiye pekee angeweza kumkemea.

Hapo nikakosea. Mtumbwi wa gome ukishashuka unauzamisha pembeni, unauwekea mawe juu, ubaki laini. Nilijua, baba alinifundisha. Lakini nilikuwa na haraka, nikauburuta ukingoni nikaufudikiza, kama ule wa kuchonga. Baba mkubwa hakuwapo nyumbani, nikamngoja siku mbili, na siku hizo mbili likawaka jua lile kali la katikati ya mvua. Tulipofika naye ukingoni, mtumbwi ulikuwa umepasuka kichwa mpaka mkia.

"Umeuanika kama muhogo!" alisema baba mkubwa. Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima yule.

Jioni mvua ikarudi, haikukata tena. Nilijaribu kumenya gome jingine. Miti minene ya karibu ilikuwa imekwisha kwa kukaushia tumbaku, niliopata ulikuwa mdogo, gome likapasuka mikononi mwangu. Mtumbwi mwingine haukuwapo, kuzunguka kwa miguu hakuwezekani, kuogelea sijui, na katikati kuna mkondo na mamba. Mwenyekiti wa kijiji akasema ataandika barua wilayani waje na mashua. Aliandika, nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Nikahamia ukingoni, nikajenga kibanda cha majani. Asubuhi upepo ukilala, sauti huvuka maji. Nilipiga kelele, "Mwangaluka, baba!" ndivyo tunavyosalimiana asubuhi.

"Mwangaluka!"

"Unakula?"

"Yangeyange wameanza kujenga!"

"Baba, nauliza unga!"

"Kuna korongo wawili hapa, njoo uone!"

Kila siku hivyo. Mimi nauliza chakula, yeye ananijibu ndege. Nilikasirika, siku moja nikamtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Baadaye sauti ikawa nyembamba, na kikohozi ndani yake. Mimi nimesimama, kasia mkononi, mtumbwi sina. Mama akiniletea ugali ananikuta nimesimama vilevile.

Asubuhi ya mwisho alijibu neno moja tu. Kesho yake niliita mpaka koo likakauka. Moshi haukutoka kibandani, wala siku iliyofuata.

Maji yalichukua majuma kupungua. Nilivuka na baba mkubwa, yamenifika kifuani. Tulimzika palepale, nyuma ya kibanda, na baba mkubwa akasema mwenyekiti akiuliza, atajibu yeye.

Niliporudi mama aliniuliza, "Alisema nini mwisho?" Nilitaka nimpe maneno mazuri, wasia, kitu cha kushika. Nikashindwa kutunga.

"Alisema bata."

Mama akageuka, akaanza kukamua nguo zangu zilizolowa.